Rangi Iwe Kama Maziwa, na Mtoto Avae Sweta

Vijana wangu wa Jumamosi, shikamoo zenu nimezipokea zote, hata ya yule aliyeitoa macho yakiwa kwenye simu. Marahaba. Neema binti yangu kaniambia niwaandikie, maana nikiongea mnasahau kabla hamjafika stendi. Basi naandika. Mkisahau na haya, msije mkasingizia mdomo wangu.

Mlikuja hapa kwangu Mbeya na visanamu vyenu vya mchezo wa mezani, vimechapwa na mashine, kila kimoja urefu wa kidole gumba, vyote vina hasira. Kimoja kina mapanga mawili na hakina shati. Sikuuliza kinapigana na nani. Mkaniambia mmeangalia video nyingi sana, mna brashi kumi na mbili, mna rangi za kuagiza zenye majina kama dawa ya kuogeshea ng'ombe. Halafu mkanionyesha mlichopaka. Nikamshukuru Mungu kwamba siku hizi sioni vizuri.

Kosa la kwanza, na nalisema kwa upendo wa Kikristo: rangi yenu ni ugali. Mnachovya brashi kwenye kopo, mnatoa tonge, mnampaka askari wa watu usoni. Mashine imehangaika kumchonga pua, nyinyi mnamzika. Rangi iwe kama maziwa. Siyo mtindi, maziwa. Weka tone kwenye kigae cheupe, tia maji, koroga, halafu ivute na brashi. Ikiteleza ikaacha rangi nyuma yake, hapo sawa. Ikikimbia kama chai, maji yamezidi. Paka mara mbili, mara tatu, na kila mara subiri ikauke. Kusubiri ndiyo nusu ya kazi hii, na najua hapo ndipo nimewapoteza wengi wenu.

Mimi nilipaka visanamu miaka kumi na nane kule Iringa, kwenye karakana ya Mzee Jayanti, nyuma ya duka lake la vyombo. Nimestaafu nina miaka arobaini na sita. Msishangae. Mwalimu anastaafu kwa umri, sisi tunastaafu kwa macho. Siku moja nilimwangalia mchungaji wa kondoo niliyempaka nikaona ana macho matatu, nikajua Bwana ananiita nyumbani. Siyo mbinguni, Mbeya tu. Hakukuwa na keki wala saa ya ukutani. Mzee alinipa boksi la brashi zilizokwisha nywele, akasema za kumbukumbu.

Tulikuwa tunatengeneza seti za Krismasi za kuweka mezani. Mtoto Yesu, Mariamu, Yosefu, wachungaji wawili, mamajusi watatu, ng'ombe, punda na kondoo. Vinamiminwa kwa jasi, hii hii mnayoiona kwenye dari za watu wenye uwezo, ndani ya kalibu za mpira. Mwenye karakana alikuwa Mhindu kwa asili na kwa dini, anawasha ubani kila asubuhi kabla hajafungua duka. Mkuu wa meza ya rangi, Mama Sikujua, Mkatoliki, Mhehe wa pale pale. Mimi Mlutheri, Mnyakyusa niliyefika kwa kuolewa. Wote tunamtengenezea Mtoto mmoja miguu. Watu wanalipwa posho kwenda semina za umoja wa dini, wangekuja tu kwetu wakashika msasa.

Maana kwanza nilishika msasa. Visanamu vikitoka kwenye kalibu vina kingo na vipele, lazima visuguliwe. Benchi la msasa lilikuwa upande mmoja, meza ya rangi upande wa dirisha. Sisi wa msasa tunakula vumbi la jasi, wao wanakula mwanga. Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, kidato cha pili, mtu mzima na mtoto nyumbani. Naingia darasani mweupe nyusi mpaka viatu. Mwalimu wa baiolojia alinisimamisha mbele mara mbili kama mfano. Mara ya kwanza wa ngozi, mara ya pili wa mapafu, kwa sababu nilikuwa nakohoa kuliko anavyofundisha.

Hicho kikohozi ndicho chanzo cha haya yote. Daktari wa zahanati alinisikiliza kifua akasema, mama, chagua, hilo vumbi au hiki kifua. Ushauri mzuri sana. Angeniambia pia huyo mtoto nyumbani ale nini. Baba yake Neema alikuwa amefariki mwaka ule. Kazi nyingine sikuwa nayo, na karakana ilikuwa na sehemu moja tu isiyo na vumbi: meza ya Mama Sikujua. Nikaanza kumwomba Mungu meza. Wenzangu kanisani waliomba nyumba na magari, mimi naomba meza. Na siyo yote, kipande tu, upande wa dirisha.

Mama Sikujua alikuwa mwanamke mkubwa, mpole kama mlango wa chuma. Siku ya kwanza nilipomwambia nataka kujifunza, alinipa mchungaji aliyevunjika mkono, wa kutupwa, akasema jaribu. Nikajaribu kwa moyo wangu wote na kwa rangi yake yote. Nilipomrudishia, alimgeuza, akamgeuza tena.

"Mwenzangu, huyu kafa maji au kamwagiwa uji?"

Nikamwambia amejifunika blanketi.

"Mpaka puani?" Akamweka chini. "We Mnyakyusa, hapa hatuungi ndizi za kwenu. Punguza karanga."

Kila siku wakati wa chakula nilipaka vilivyovunjika. Mwezi mzima nimepaka kondoo wasio na masikio. Yeye anakula, ananitazama kwa jicho la pembeni, anatoa somo kama mtu anayetema mbegu. Na mimi nawapa nyinyi bila mbegu, mwone bahati mliyonayo.

Kwanza, usimshike mtu kiuno. Kibandike kisanamu juu ya kizibo cha chupa kwa nta ya mshumaa, ushike kizibo. Viwiko viwe mezani. Halafu viganja vigusane kwa chini, karibu na vifundo, kama anayeanza kusali akaghairi. Mikono ikigusana, hata ikitetemeka inatetemeka pamoja, na brashi haikosi njia. Mtu anayepaka mikono ikielea, Mama Sikujua alikuwa anamwambia afukuze na wale mbu wa upande wa pili.

Pili, ncha ya brashi. Lazima iwe kali, na yeye aliinoa kwa kuinyonya. Ikifika saa sita ulimi wake ni bluu. Siku moja alitoka mezani moja kwa moja kwenda misa ya jioni, akafika kwenye komunyo, akatoa ulimi. Padri akabaki na hostia mkononi. Akamwuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mama Sikujua akamjibu kwa sauti yake ya kawaida, yaani kanisa zima likasikia, kwamba hiyo ni kanzu ya Bikira Maria. Akapewa. Nyinyi msinyonye, tumieni kitambaa. Mimi nilinyonya miaka yote hiyo na bado niko hai, lakini hiyo ni neema, siyo ushahidi.

Tatu, kauka kwanza. Jasi inakunywa maji na haisemi. Ukipaka ikiwa mbichi, baada ya wiki rangi inabanduka kama ngozi ya aliyeungua. Iweke shavuni. Ikiwa ya baridi, bado ina maji. Ikiwa vuguvugu kama kikombe kilichosahaulika, paka. Hizo plastiki zenu hazinywi maji, lakini zina mafuta ya mashine, na sijaona hata mmoja wenu aliyeziosha kwa sabuni. Mnaoga wenyewe Jumamosi mkija kwangu, mnawaacha askari.

Na maji ya chai. Ndivyo tulivyoita rangi ya kahawia iliyozimuliwa sana. Unaipitisha juu ya nguo iliyokwisha kukauka, yenyewe inatelemka kwenye mikunjo, inakaa, na kisanamu ambacho kilikuwa kama pipi kinakuwa mtu. Kwenye video mmeambiwa ni siri. Sawa. Sisi siri hiyo tulikuwa tunaitia kwenye kopo la maharage.

Sasa macho. Macho ndiyo yamewatoa jasho, nimeona. Askari wenu wote wanashangaa, kama waliofika vitani wakakuta harusi. Mmeweka nyeupe duara, mkatia doa jeusi katikati. Hakuna binadamu anayeona hivyo isipokuwa kakanyaga msumari. Anza na mstari wa kahawia, jicho zima. Juu yake nyeupe kidogo, mstari siyo duara, uache kahawia ionekane juu na chini. Halafu doa, liguse kope ya juu. Na anza na lile jicho lililo gumu kwako, ukiwa bado hujachoka. Ukianza na rahisi, utalipenda, kisha la pili litakuchukia. Mamajusi wangu watatu wa kwanza walitoka makengeza, kila mmoja kwa upande wake. Mama Sikujua akasema si ajabu waliifuata nyota miezi yote ile, kila mmoja alikuwa anaona ya kwake.

Basi mwaka ule, Desemba, mvua imeshika, binti wa Mama Sikujua akajifungua huko Ubaruku. Mama akafunga mizigo akaenda kumkanda mzazi. Na ndiyo siku hizo likaja ombi la kigango kimoja cha Igowole, kule Mufindi. Wanataka seti ya mezani, kanisa lao dogo. Wapakaji wengine wawili walikuwa na kazi za watu mpaka shingoni. Mzee Jayanti akaja kwenye benchi la msasa, akasimama mbele yangu na mikono nyuma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa anayapima kama mchele.

"Mama Neema, seti hii paka wewe. Wakiipokea, unakaa mezani. Ikirudi, unarudi hapa, na hatutaongea tena habari ya meza."

Nikasema sawa mzee. Nikakohoa, ili ajue nimeelewa.

Siku tano nilipaka kama nafanya mtihani wa taifa. Uwiano wa rangi na maji nilipima kwa kijiko, hesabu pekee ya masomo ya jioni iliyowahi kunisaidia. Kila asubuhi nilifunga macho nikaomba kabla ya kufungua kopo. Ng'ombe akatoka ng'ombe. Yosefu akawa na uso wa mtu aliyetembea. Mariamu nikampa siku nzima, jicho la kushoto kabla ya chakula, la kulia baada. Nikabakiza Mtoto.

Mnamjua Mtoto wa zile seti. Amelala chali, mikono kaitandaza, kiunoni kitambaa, basi. Nikamweka juu ya kizibo nikamwangalia. Nikamwangalia tena. Neema nilimzaa Mufindi, baba yake alipokuwa kwenye mashamba ya chai. Ile baridi naijua. Ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Mtoto akizaliwa kule, kabla hujamwuliza mkunga ni wa kike au wa kiume, unauliza sweta liko wapi. Sasa mimi, mzazi mwenye akili zangu timamu, ninayemcha Mungu, nimpake mtoto rangi ya ngozi, nimpeleke Igowole uchi?

Nikampaka sweta. Kijani, vifungo vya njano, kama la Neema. Na kofia ya sufu. Na soksi.

Msinicheke, ile ilikuwa kazi. Jasi haikuchongwa sweta, kwa hiyo lazima uongope kwa rangi. Kwenye kola na mikononi unapitisha mstari mwembamba mweusi upande wa chini, na juu yake mstari mwepesi, na jicho la mtu linaamini nguo ina unene. Vishono nilivipiga kimoja kimoja. Wale wenye mashujaa wasio na shati, mkichoka kuwaonea huruma, hivyo ndivyo wanavyovalishwa.

Katekista wa Igowole, mzee Mgaya, alikuja kuchukua seti siku ya mvua. Koti refu, kofia, buti zina tope la kwao. Tukasalimiana kamwene, kamwene, Mzee Jayanti akafungua boksi kaunta. Akatoa mmoja mmoja kama kawaida yake. Punda. Ng'ombe. Mamajusi, na hapo nikashusha pumzi, macho yalikuwa yamekaa. Akafika kwa Mtoto. Akamshika kwa vidole viwili. Mteja mmoja aliyekuwa anagonga sufuria kusikiliza kama ina ufa akaacha.

"Mama Neema," akasema polepole, "mimi si Mkristo. Lakini miaka ishirini namuuza huyu mtoto. Hajawahi kuvaa sweta."

"Igowole kuna baridi, mzee."

"Amezaliwa Igowole?"

Jibu nilikuwa nalo, tena la kiroho kabisa, lakini lilichelewa likanijia jioni nikiwa nasonga ugali. Katekista alimchukua Mtoto, akamweka kwenye kiganja, akamwangalia mpaka nikadhani amesinzia. Mwisho akasema Krismasi ni keshokutwa, hawana muda wa kungoja mwingine, atampeleka hivyo hivyo, padri ataamua. Akafunga boksi na gazeti na nailoni, akaondoka.

Mzee akaniambia nirudi msasa mpaka jibu lije. Krismasi hiyo kanisani tuliimba juu ya mtoto aliyelazwa horini, mimi naimba huku nawaza soksi. Nilitubu. Nilimwambia Mungu kama nimemdhalilisha Mwanao, nisamehe, lakini nawe uliwahi kuona watoto wa Mufindi. Sijui kama hiyo inahesabika toba.

Januari, katikati ya wiki, Mama Sikujua amesharudi kutoka Ubaruku na mchele wake, mlango ukafunguka. Katekista Mgaya. Na lile boksi.

Nilikuwa na msasa mkononi na niliendelea kusugua, sijui nilikuwa nasugua nini, nilikuja kukuta punda hana pua. Boksi likawekwa kaunta. Katekista akavua kofia, akasema wamama wamegoma.

Akaeleza. Padri alipofika kusali misa ya Krismasi alimwona Mtoto, akageuka akawaona waumini wake, wote makoti na masweta, wachanga wamefungwa mpaka macho, akacheka, akaendelea na misa. Kwa hiyo Mtoto hana tatizo. Ila baada ya misa wamama walipita mmoja mmoja pale mezani, na kila aliyepita alitoka ananung'unika. Wiki ile ile wakamfuata katekista nyumbani.

"Wanasema mtoto sawa, kavalishwa," katekista akasema. "Lakini mama yake kajifungua juzi, kifua wazi, kikanzu chepesi. Wanauliza ni watu gani hao wanamvalisha mtoto, mzazi wanamwacha apigwe baridi. Wanataka apewe shali. Nzito."

Mzee Jayanti akafungua boksi, akamtoa Mariamu, akamweka kaunta. "Kwa hiyo imerudi."

"Imerudi kuongezewa, mzee."

"Imerudi," akasema tena, akanigeukia. "Mama Neema, tulisemaje?"

Ningeweza kubishana. Nyinyi mngebishana, mngemtolea na video. Lakini neno ni neno, na nilikuwa nimelikubali mwenyewe kwa kukohoa. Nikamwambia tulisema ikirudi, narudi msasa, na hatuongei tena habari ya meza. Nikachukua kisanamu kingine nikaanza kusugua, vumbi likanipanda puani kama lilikuwa linanisubiri.

Mama Sikujua akainuka. Akaenda kaunta, akamchukua Mariamu, akampeleka dirishani. Nikajua hapo sasa nitasikia habari za Wanyakyusa na karanga. Akamsogeza karibu na uso, akamsogeza mbali.

"Haya macho kapaka nani?"

"Mimi."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Akamgeukia Mzee Jayanti. "Sweta ni upuuzi wake. Lakini macho kama haya mimi niliyapata mwaka wa nne." Akamrudisha Mariamu kaunta, taratibu, kama anayeweka yai. "Na shali mimi sipaki. Huyo mama kazaliwa Nazareti, mimi namjua kwa kanzu ya bluu. Huyu wa Igowole hatujuani. Amalizie aliyeanza."

Akarudi kukaa, akanyonya brashi yake, akaendelea na kazi. Hakuniangalia. Katekista akasema basi lake ni saa kumi, atangoja. Akatafuta gunia la chumvi akakaa, akavuta koti.

Mzee Jayanti alibaki amesimama na lile neno lake. Mtu akishapima neno lake kama mchele, kulirudisha gunia si jambo dogo. Aliangalia boksi, akamwangalia Mama Sikujua, ambaye hapo alikuwa na shughuli nyingi sana za kutomwona. Halafu akaja kwenye benchi la msasa, akanionyesha kwa mkono nisimame. Nikasimama. Akainama, akakibeba kigoda changu, kizito, cha mninga, akaanza kukipeleka upande wa dirisha. Kiatu kikamteleza kwenye vumbi, akatua kidogo, akapumua, akaendelea.

Alikuwa mtu mzima na mgongo unamsumbua. Sikumsaidia.